Jina Lisilo Asili wala Fasili

Wazee wetu, wakitaka kumdunisha mtu asiyejulikana atokako wala jamaa zake, husema hana asili wala fasili. Kauli hiyo ni kali kwa binadamu na si ya kuitumia ovyo. Iko mahali pamoja, hata hivyo, ambapo naiona inafaa neno kwa neno. Ni ndani ya kompyuta, pale mwandishi wa programu anapotaka kuunda majaribio ya kazi yake, na mashine ikamgomea kwa kumwambia kuwa jina alilolitaja halina mwili popote. Vijana wa kazi hiyo huliita kosa la linka. Nakusudia kuwashawishi, wapenzi wa ushairi na lugha, kwamba kosa hili lina uhusiano nanyi kuliko mnavyodhani. Ni kosa la majina. Dawa yake humtaka mtu atofautishe mambo matatu ambayo Kiswahili huyatofautisha vizuri, lakini vijana wetu wengi hukutana nayo katika ukungu wa lugha ya kigeni, wakayachanganya, wakabaki kubahatisha.

Tuchukue mfano ulio karibu na kazi yetu. Tuseme mtu ameandika programu ya kuhesabu mizani. Unaipa mshororo, nayo inakwambia ukwapi una mizani ngapi na utao una ngapi. Asiyekijua Kiswahili ataiona kazi hii nyepesi: hesabu irabu, umemaliza. Sisi tunajua kwamba haiishii hapo. Neno "mtu" lina irabu moja lakini lina mizani mbili, kwa kuwa ile m husimama peke yake. Vivyo hivyo "mbwa" na "nchi". Kwa upande mwingine, "mbuzi" lina mizani mbili tu, maana m yake imeshikamana na b. Halafu kuna "mbaya": katika "mtu mbaya" lina mizani tatu, na katika "nyumba mbaya" lina mbili, kwa kuwa m ya kwanza ni kiambishi cha ngeli ya watu kinachotamkwa pekee, na ya pili imeungana na konsonanti inayoifuata.

Programu inayohesabu irabu tu itamwambia mtunzi kwamba mshororo wake uliotimia umepunguka. Mhariri akiitegemea programu hiyo kuchuja tungo za shindano, yuko mtunzi atakayeambiwa kuwa shairi lake ni guni ilhali si guni. Hilo si jambo dogo kwa kijana aliyetunga kwa jasho. Na kama programu ingekuwa ya kupima dozi ya dawa au kukokotoa riba ya mkopo wa mkulima, madhara yangekuwa makubwa zaidi, ingawa aina ya kosa ni ile ile.

Kinga ya mambo haya ni majaribio ya vipande. Mwandishi huandika programu ya pili, ndogo, ambayo kazi yake ni kukiita kipande kimoja cha programu ya kwanza na kukihoji. Hukipa neno "mtu" na kutarajia jibu 2. Hukipa "mbuzi" na kutarajia 2. Hukipa "kaa" na kutarajia 2. Hukipa "maandishi" na kutarajia 4. Jibu likienda kombo, jaribio hupiga kelele. Kila mara msimbo unapobadilishwa, majaribio hurudiwa, ili marekebisho ya leo yasiharibu kilichokuwa sawa jana.

Hapo ndipo linka huingia. Lugha kama C na C++ ni miongoni mwa zile ambazo msimbo wake hutafsiriwa kwanza kuwa lugha ya mashine, ndipo utumike. Kazi hiyo ina hatua mbili. Ya kwanza ni ya kompaila, ambayo husoma faili moja moja na kuligeuza kila moja kuwa lugha ya mashine. Ya pili ni ya linka, ambayo huyachukua mafaili yote yaliyokwisha kutafsiriwa na kuyaunganisha yawe programu moja iwezayo kuendeshwa.

Programu yetu ya mizani ina faili liitwalo mizani.h, lenye mstari mmoja:

int hesabu_mizani(const char* neno);

Mstari huu unatangaza kwamba kuna kipande cha msimbo, ambacho waandishi wa programu hukiita fanksheni, chenye jina hesabu_mizani, kinachopokea neno na kurudisha namba. Namna kinavyohesabu haikuelezwa hapa. Imeandikwa katika faili la pili, mizani.cpp. Faili la tatu, kuu.cpp, ndilo linaloanzisha programu kwa mtumiaji. Sasa mwandishi anaongeza la nne, jaribio.cpp, linalosoma tangazo la mizani.h na kuiita fanksheni ile kwa maneno yale tuliyoyataja. Kisha anaamuru:

g++ jaribio.cpp -o jaribio

Kompaila inaridhika. Imeliona tangazo, imehakiki kuwa fanksheni imeitwa kwa namna iliyotangazwa, haina la kulalamikia. Mara linka inasimama na kusema kwamba kuna rejeo kwa hesabu_mizani lisilokuwa na fasili. Kijana anafungua mizani.cpp na kuiona fanksheni imo, kamili, aliiandika kwa mkono wake. Anairudia amri, anapata jibu lile lile. Anaanza kuamini kwamba mashine ina wazimu.

Mashine haina wazimu. Katika kazi hii kuna vitu vitatu, na kila kimoja kina jina lake katika Kiswahili. Kuna tangazo, linalosema kwamba kitu fulani kipo na kinaitwa hivi. Kuna rejeo, yaani mahali ambapo mtu anakitaja kitu hicho ili akitumie. Na kuna fasili, yaani mwili wenyewe wa kitu, maelezo ya kazi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kompaila hutosheka na tangazo na rejeo. Linka hudai fasili, tena hudai iwe moja tu, isipungue wala isizidi.

Aliyekulia kwenye vitendawili hatapata taabu kuelewa. Anayetega kitendawili amekwisha kutoa tangazo, kwamba jibu lipo. Wasikilizaji hawana haja ya kulijua jibu ili waitikie "tega". Lakini mwisho wake jibu lazima lipatikane kutoka kwa mmoja wa waliopo; wakishindwa wote, mtegaji atadai apewe mji. Kijana wetu ameketi barazani na jaribio.cpp peke yake. Mwenye jibu, mizani.cpp, hakualikwa. Kuwapo kwake nyumba ya pili hakusaidii. Dawa ni kumwita:

g++ jaribio.cpp mizani.cpp -o jaribio

Hii ndiyo sura ya kawaida kabisa ya kosa la linka katika majaribio: jaribio linalijua jina kwa njia ya tangazo, lakini faili lenye fasili halikutajwa katika amri ya kuunda. Anayetumia CMake atakutana nalo pale alipoitaja jaribio.cpp kwenye orodha ya jaribio akaisahau mizani.cpp, au alipoacha kuiunganisha maktaba inayohusika. Anayetumia kompaila ya Microsoft ataliona kwa namba LNK2019. Sura ni nyingi. Maana ni moja.

Upande wa pili wa kosa ni fasili kuzidi moja. Tuseme mwandishi hakuwa na mizani.cpp; aliandika kila kitu ndani ya kuu.cpp. Sasa anataka kuijaribu hesabu_mizani, hivyo analiunganisha jaribio.cpp na kuu.cpp. Linka inagoma tena, safari hii kwa sababu nyingine. Kila programu ya C++ huanzia kwenye fanksheni iitwayo main, na kila moja ya mafaili haya mawili ina main yake. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kosa la jamii hiyo hiyo hutokea mtu anapoandika fasili nzima ya fanksheni ya kawaida ndani ya faili la matangazo: kila faili linalolisoma hupata nakala yake, na linka hukuta miili miwili yenye jina moja. Fasili hiyo ihamishiwe kwenye faili la .cpp, au itiwe alama ya inline, ambayo humwambia linka kwamba nakala hizo ni kitu kimoja.

Hapa ndipo ninapotoa maoni yangu yaliyo mazito zaidi. Kosa la linka katika majaribio mara nyingi ni habari kuhusu namna kazi nzima ilivyojengwa. Likikataa kuondoka, huenda linasema kwamba programu imeandikwa kama kitu kimoja kilichogandamana, ambacho huwezi kukitoa kipande ukakihoji peke yake. Aliyeandika kila kitu ndani ya kuu.cpp hakuvunja sarufi yoyote. Programu yake inaendeshwa bila tatizo. Ni majaribio yaliyofichua kwamba hesabu ya mizani, ambayo ni elimu yenye kujitegemea, ilifungwa pamoja na shughuli ya kusoma maandishi kutoka kwenye kibodi na kuonyesha majibu kwenye skrini.

Dawa ya kweli ni kutenganisha. Elimu yote ya mizani iwekwe katika mafaili yake, nayo yaundwe kuwa maktaba. Faili la kuu.cpp libaki jembamba, likifanya kazi ya kupokea na kuonyesha tu. Kisha programu ya mtumiaji na programu ya majaribio ziunganishwe na maktaba hiyo hiyo moja. Kwa mpango huo kila fasili iko mahali pamoja, na linachojaribiwa ndicho kitakachomfikia msomaji.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ziko njia za mkato zinazoenea, nami nazipinga. Ya kwanza ni kunakili fanksheni kutoka mizani.cpp na kuibandika ndani ya jaribio.cpp. Linka itanyamaza na jaribio litafaulu, lakini linachojaribiwa sasa ni nakala. Kesho mtu akiiharibu fanksheni ya asili, jaribio litaendelea kufaulu kwa furaha, likiwa mlinzi wa nyumba isiyo na mtu. Ya pili ni kuandika #include "mizani.cpp" ndani ya faili la jaribio. Hii hufanya kazi kwa siku chache, hadi jaribio la pili litakapofanya vivyo hivyo na yote mawili kuunganishwa pamoja. Hapo tunarudi kwenye mafahali wawili. Ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, ni kulifuta jaribio kwa kuwa linasumbua. Kosa la linka limeua majaribio mengi kabla hayajaendeshwa hata mara moja, na aliyeyafuta hakujua kwamba alichohitaji ni neno moja zaidi katika amri.

Wakati mwingine tunataka kwa makusudi fasili nyingine ikae mahali pa ile ya kweli. Tuseme programu yetu huchukua maneno yake kutoka kwenye hifadhidata iliyo kwenye seva ya mbali. Jaribio la kuhesabu mizani halipaswi kushindwa kwa sababu intaneti imekatika. Basi tunaandika kibadala: fanksheni yenye jina lile lile na tangazo lile lile, lakini inayorudisha maneno matatu tuliyoyachagua wenyewe. Linka, ambayo haijali nani ameandika mwili bali kwamba mwili upo, hukikubali. Michael Feathers, katika kitabu chake cha 2004 kuhusu kushughulikia msimbo mkongwe usio na majaribio, aliipa nafasi ya namna hii jina la Kiingereza lenye maana ya mshono: mahali ambapo unaweza kubadilisha mwenendo wa programu bila kugusa maandishi ya pale pale. Neno lake linatua vizuri katika Kiswahili, kwa kuwa fundi cherehani yeyote wa kwetu anajua kwamba nguo hurekebishwa kwa kufumua mshono, si kwa kuchana kitambaa. Sharti lake ni kwamba kibadala na asili visiingie pamoja katika amri moja, la sivyo fasili huwa mbili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, naamini, litawafurahisha wanaisimu miongoni mwetu. Nimesema linka hutafuta jina. Jina lipi? Silo lile tuliloliandika. Kompaila ya C++ hulirefusha kila jina la fanksheni kwa kulipachika habari za vitu inavyopokea. Kwenye Linux, jina hesabu_mizani hugeuka na kuwa hili:

_Z13hesabu_mizaniPKc

Tulichambue kama tunavyochambua kitenzi. Kiambishi cha mwanzo _Z ni alama kwamba hili ni jina la C++ lililorefushwa. Namba 13 ni idadi ya herufi na alama za jina linalofuata. Kisha huja jina lenyewe, ambalo ndilo mzizi. Mwishoni zipo P, K na c, zinazosema kwamba fanksheni hupokea kielekezi cha herufi zisizoruhusiwa kubadilishwa. Msemaji wa Kiswahili hashangai. Katika "nimekuandikia" tunamwona mtenda, wakati, mtendewa, mzizi na kauli, vyote katika neno moja. Badilisha -ku- iwe -wa- na neno ni jingine. Vivyo hivyo, mtu akibadilisha mizani.cpp ili fanksheni ipokee std::string, akasahau kubadilisha tangazo katika mizani.h, jaribio litaendelea kutafuta jina lenye tamati PKc, na jina hilo halitakuwapo tena. Kwa macho ya binadamu ni hesabu_mizani na hesabu_mizani. Kwa linka ni maneno mawili tofauti.

Ufahamu huo hutegua mafumbo mengine mawili. Lugha ya C hairefushi majina kwa namna hiyo. Kama mizani imeandikwa kwa C na jaribio kwa C++, faili moja litakuwa na hesabu_mizani tupu, na jingine litatafuta jina refu. Hayatakutana hadi tangazo litiwe alama ya extern "C", inayosema jina hili lisirefushwe. Fumbo la pili ni la lahaja. Kompaila ya GCC toleo la 5, lililotoka mwaka 2015, ilileta umbo jipya la std::string, na majina yanayohusu umbo hilo yakapewa alama __cxx11 ndani yake. Maktaba iliyoundwa kwa umbo la zamani na jaribio lililoundwa kwa umbo jipya huongea lugha moja kwa lahaja mbili. Mtu wa Mombasa akisema "nti" na wa Unguja akasema "nchi", wataelewana na kuendelea na mazungumzo. Linka haina sikio hilo. Dawa ni kuziunda zote mbili upya kwa umbo moja.

Chombo cha kuyaona haya yote kipo, nacho ni programu ndogo iitwayo nm. Ukiandika nm mizani.o, itakuorodheshea majina yaliyomo katika faili hilo lililotafsiriwa. Mbele ya fanksheni yenye fasili ndani ya faili utaona herufi T. Mbele ya jina lililorejelewa tu, fasili yake ikitarajiwa kutoka kwingine, utaona U. Ukiona t ndogo, fanksheni hiyo ina mwili lakini ni ya ndani ya faili lake. Huenda imetiwa alama ya static, na jaribio la nje halitaifikia kamwe. Katika hali hiyo mimi hushauri jaribio lipitie kwenye fanksheni za wazi zinazoiita ile ya ndani, badala ya kuvunja faragha kwa ajili ya jaribio. Dakika mbili za nm zina thamani kuliko saa mbili za kubahatisha.

Limebaki jambo la mpangilio, nalo huwatesa wengi. Linka ya GNU husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia. Ikiifikia maktaba ya aina ya .a, huchukua ndani yake vile tu ambavyo vinadaiwa hadi wakati huo, kisha huendelea na safari. Maktaba ikitajwa kabla ya faili linaloihitaji, linka huipita bila kuchukua kitu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameomba. Kwa hiyo anayetumia maktaba ya majaribio ya GoogleTest aandike hivi:

g++ jaribio.cpp mizani.cpp -lgtest_main -lgtest -pthread

Anayehitaji atangulie, anayehitajiwa afuate. Gtest_main imekaa kabla ya gtest kwa kanuni hiyo hiyo, kwa kuwa ya kwanza huitegemea ya pili.

Msomaji ataniuliza: haya yote yanahusu vipi blogu ya washairi? Yanahusu kwa sababu ya maneno. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Juhudi za namna hiyo zilimfikiria mtumiaji, na zilistahili pongezi. Anayeunda programu tumemwachia ajitafutie. Tumebishana kwa miaka kama kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, na wananchi wakaendelea kuiita kompyuta. Wakati tukibishana juu ya jina la sanduku, hatukuwapa vijana maneno ya kuelezea kinachotendeka ndani yake.

Tena istilahi huhitaji mtu anayejua kazi yenyewe. Tazama neno la Kiingereza tulilolifanya kompaila. Asili yake ni kukusanya. Grace Hopper wa Marekani alilitumia kwa mfumo wake wa A-0, aliouandikia kompyuta ya UNIVAC, mwaka 1952. Vipande vya msimbo vilivyokwisha kuandikwa viliwekwa kwenye utepe, kila kimoja na namba yake ya kuitwa. Mtumiaji aliorodhesha namba, na A-0 ikavikusanya na kuvipanga kuwa programu moja, mithili ya mtu akusanyaye tungo kuwa diwani. Kabla ya hapo waandishi walikuwa wakinakili vipande hivyo kwa mkono kutoka kwenye madaftari, na makosa ya kunakili yalikuwa mengi. Kazi aliyoiita kukusanya, kwa sehemu kubwa leo ni kazi ya linka. Anayetafsiri neno hilo kwa kamusi tu na kusema "mkusanyaji" atampa kompaila jina la kazi ya mwenzake. Mimi napendekeza kompaila iitwe kitafsiri, kwa kuwa ndicho inachofanya. Linka nisingeiita kiunganishi, kwa kuwa sarufi imekwisha kulitumia neno hilo kwa "na", "lakini" na "au", ningeiita kiungaji. Wanaopenda kompaila na linka katika mazungumzo yao waendelee; maneno hayo yamekwisha kuzoea matamshi yetu. Mabaraza yetu ya lugha, BAKITA na mengineyo, yatasanifisha yatakachoona kinafaa, lakini hayawezi kusanifisha kilicho midomoni mwa watu wasiokisema.

Yupo atakayesema kwamba jumbe za makosa zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo kufundisha kwa Kiswahili ni kumchelewesha kijana. Hoja hii ina uzito, na siipuuzi. Kijana lazima ajifunze kuusoma ujumbe jinsi ulivyo, kwa kuwa ndio atakaoukuta kazini. Lakini kuusoma ujumbe na kuuelewa ni mambo mawili. Kwa anayekijua Kiingereza nusunusu, maneno ya lugha hiyo ya kutangaza na kufasili husikika kama kitu kimoja, kwa hiyo mbele ya ujumbe unaosema fasili haipo, yeye hulikagua tangazo, analiona liko sawa, na hukata tamaa. Mwambie kwa Kiswahili kwamba jina limetangazwa na kurejelewa bali fasili yake haikuletwa, na hatahitaji kuambiwa mara ya pili mahali pa kutafuta. Maneno hayo matatu hayakuundwa na kamati yoyote kwa ajili ya kompyuta. Tangazo analisikia redioni, rejeo analiona vitabuni, fasili anaisoma katika somo la fasihi darasani.

Ombi langu kwenu, basi, ni dogo na la kutendeka. Miongoni mwetu wamo walimu, wahariri na watunzi wenye watoto au wanafunzi wanaoandika programu. Wakija na kosa la linka, msiseme hayo ni ya wataalamu. Waulizeni maswali matatu kwa lugha yao: jina gani limerejelewa, limetangazwa wapi, na faili lenye fasili yake limeitwa katika amri au limeachwa nyumbani? Wakiyajibu hayo matatu, jaribio litaundwa. Nalo likiundwa, litaweza hatimaye kutuambia kama programu ile inajua kwamba "mtu" lina mizani mbili.